Baka Jeupe Mdomoni: Tiba ya Mwanga, Dawa za Mimea na Hatua ya Kuchukua Leo

ELIMU YA AFYA

Wakaazi wengi humwona daktari wa meno pale tu jino linapouma. Baka jeupe lililo ndani ya shavu haliumi, halitoi damu wala halimzuii mtu kula, kwa hiyo huachwa miezi mingi, na wakati mwingine miaka. Baadhi ya mabaka hayo ni dalili za awali zinazoweza kugeuka kuwa saratani ya kinywa. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, watu karibu 390,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya midomo na kinywa mwaka huo, na takriban 188,000 walifariki kutokana nayo. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshaenea.

Wakati huo huo, habari za tiba mpya zinasambaa kwa kasi kwenye simu: mwanga unaoua seli mbaya, manjano inayotibu saratani, tangawizi iliyogeuzwa kuwa dawa ya "nano". Katika habari hizo mna ukweli, na mna chumvi pia. Somo hili linaeleza tiba ya mwanga ni nini, mimea inaingiaje, utafiti umefika wapi, na mkaazi afanye nini akiona baka mdomoni mwake au mwa mtu wa nyumbani kwake.

MABAKA YENYE KUHITAJI UCHUNGUZI

Si kila weupe mdomoni ni hatari. Utando mweupe wa fangasi, unaowapata watoto wachanga na watu wenye kinga dhaifu, mara nyingi hutoka ukifutwa kwa kitambaa safi. Alama nyeupe ya kujiuma shavu hupungua mtu anapoacha kujiuma.

Aina tatu zifuatazo ndizo zinazowashughulisha wataalamu zaidi.

Ya kwanza ni lukoplakia. Hili ni baka jeupe lisilofutika, ambalo daktari hapati sababu nyingine ya kulieleza. Huonekana kwenye mashavu kwa ndani, fizi, pembeni mwa ulimi au chini yake. Mengi ya mabaka haya hayageuki kuwa saratani, lakini machache hugeuka, na hakuna anayeweza kuyatofautisha kwa macho peke yake.

Ya pili ni erithroplakia, yaani baka jekundu kama mahameli. Hili huonekana mara chache kuliko jeupe, lakini ni hatari zaidi. Likipimwa, mara nyingi hukutwa tayari lina seli zilizobadilika vibaya au saratani yenyewe. Baka lenye mchanganyiko wa wekundu na weupe nalo lisipuuzwe.

Ya tatu ni ukakamavu wa utando wa kinywa. Utando wa mashavu hupoteza ulaini, huwa mgumu kama kamba, na mdomo hushindwa kufunguka vizuri. Chakula chenye pilipili humchoma mtu kupita kiasi. Hali hii inahusiana moja kwa moja na kutafuna popoo.

NANI YUKO HATARINI ZAIDI

Tumbaku ndiyo sababu kubwa, iwe ya kuvuta, kunusa au kutafuna. Ugoro, kuber na gutka ni tumbaku hata zikiuzwa kwenye pakiti ndogo zenye harufu nzuri. Pombe ni sababu ya pili, na mtu anayetumia vyote viwili huwa na hatari kubwa zaidi kuliko anayetumia kimoja, kwa sababu pombe na moshi husaidiana kuharibu utando.

Kwa wakaazi wa Pwani, popoo inahitaji kutajwa peke yake. Tambuu yenye popoo na chokaa ni desturi ya muda mrefu katika nyumba nyingi, hutolewa kwenye harusi na barazani, na wengi huiona haina madhara kwa kuwa haina moshi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliiweka popoo mwaka 2004 katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tambuu yenye popoo iko kwenye kundi hilo pia, iwe na tumbaku au isiwe nayo.

Wanaotafuna muguka na miraa nao wajikague. Wengi wao huvuta sigara nyingi wakati wa kutafuna, na hatari ya sigara imethibitishwa bila shaka.

TIBA ZA KAWAIDA NA MIPAKA YAKE

Hatua ya kwanza ya tiba ni kuacha kinachochochea. Kuna mabaka yanayopungua au kutoweka mtu anapoacha tumbaku. Hatua ya pili ni kipimo. Daktari hupiga ganzi, hukata kinyama kidogo sana kutoka kwenye baka na kukipeleka maabara, ambako mtaalamu wa patholojia huangalia seli kwa darubini. Kipimo hiki huitwa bayopsi. Ndicho kinachoonyesha kama seli zimeanza kubadilika, na kwa kiwango gani.

Seli zikiwa zimebadilika, baka huweza kuondolewa kwa kisu au kwa leza. Upasuaji umeokoa maisha ya wengi na bado ndio unaotegemewa. Hata hivyo kinywa ni mahali padogo penye kazi nyingi. Kukata sehemu kubwa ya shavu au ulimi kunaweza kuacha kovu linalosumbua kula, kumeza na kuongea. Zaidi ya hayo, mabaka haya yana tabia ya kurudi, au kutokea mahali pengine mdomoni. Mtu hawezi kukatwa kila mara.

Ndiyo maana watafiti wametafuta njia ya kuziua seli zilizobadilika bila kuharibu nyama nzima iliyo karibu. Mojawapo ya njia hizo ni tiba ya mwanga.

TIBA YA MWANGA INAVYOFANYA KAZI

Tiba hii inahitaji vitu vitatu: dawa inayoamshwa na mwanga, mwanga wa rangi inayofaa, na oksijeni iliyomo ndani ya nyama ya mwili. Kimoja kikikosekana, tiba haifanyi kazi.

Dawa hupakwa kwenye baka au huchomwa kwenye mshipa. Ikiwa gizani, haifanyi chochote. Daktari husubiri iingie kwenye seli, kisha humulika baka kwa leza au taa za LED. Dawa hunyonya nguvu ya mwanga na kuikabidhi kwa oksijeni. Oksijeni hiyo ya kawaida hugeuka kuwa kali, na hushambulia kuta na viungo vya ndani vya seli. Ukali huo hudumu kwa muda mfupi mno na hauendi mbali, kwa hiyo madhara hubaki pale palipo na dawa na mwanga kwa pamoja. Mishipa midogo ya damu inayolisha baka nayo huziba, na kinga ya mwili huja kusafisha mabaki.

Wafugaji wanaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Ng'ombe au mbuzi akila kwa wingi majani ya lantana, kichaka chenye maua madogo ya rangi mchanganyiko kilichoenea sehemu nyingi za Kenya, ini lake huharibika. Ini likishindwa kazi, mabaki ya kijani cha majani hubaki kwenye damu badala ya kutolewa. Mnyama akisimama juani, ngozi yake, hasa sehemu nyeupe, huungua na kubambuka. Akiwekwa kivulini, kuungua hupungua. Kiambato kutoka kwenye majani, mwanga na oksijeni vimekutana mwilini mwake. Tiba ya mwanga hutumia kanuni hiyo hiyo, ila kwa kipimo na mahali palipochaguliwa na daktari.

Wengine wameyaona haya jikoni. Maji ya ndimu yakibaki mkononi kisha mtu akakaa juani, ngozi inaweza kutoka malengelenge na kuacha doa jeusi kwa wiki nyingi. Ndimu ina viambato vinavyoamshwa na miale ya jua.

ILIKOTOKEA

Elimu hii si ngeni. Mwishoni mwa karne ya 19 mjini Munich, Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari Oscar Raab alikuwa akipima rangi iitwayo akridini kwenye vijidudu vya majini. Aligundua kuwa vijidudu vilikufa upesi palipokuwa na mwanga na kuishi zaidi palipokuwa na giza. Mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, aliendelea na kazi hiyo na kuonyesha kuwa oksijeni pia ilihitajika. Mwaka 1903, Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga.

Katika miaka ya 1970, Thomas Dougherty na wenzake mjini Buffalo, Marekani, waliifanya njia hii kuwa tiba ya saratani kwa binadamu. Canada iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hii mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu. Mwaka 1999 Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka iitwayo ALA kwa madoa ya ngozi yaliyosababishwa na jua ambayo yanaweza kugeuka saratani. Mwaka 2001 nchi za Umoja wa Ulaya ziliidhinisha temoporfini kwa baadhi ya wagonjwa wenye saratani ya kichwa na shingo iliyofika mbali.

ALA ndiyo iliyojaribiwa zaidi kwenye mabaka ya mdomoni. Ni kiambato cha asili. Ndani ya majani hutumika kutengeneza kijani cha mmea, na ndani ya mwili wa binadamu hutumika kutengeneza kiini chekundu cha damu. Ikipakwa kwenye baka, seli huigeuza kuwa rangi inayoamshwa na mwanga mwekundu wa urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 635.

Mwaka 1998 madaktari wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 12 wenye lukoplakia waliotibiwa kwa ALA ya kupaka na mwanga. Watano mabaka yao yaliondoka kabisa, wanne yalipungua na watatu hayakubadilika. Tangu wakati huo tiba hii imejaribiwa pia Taiwan, China na Poland, miongoni mwa nchi nyingine. Faida yake ni kwamba inaweza kurudiwa, kwa kawaida haiachi kovu kubwa, na mgonjwa hakatwi. Kasoro zake ni maumivu na uvimbe wakati wa kumulikwa na siku chache baadaye, na matokeo yasiyolingana kati ya mgonjwa mmoja na mwingine.

KWA NINI HAITOSHI PEKE YAKE

Watafiti wamebaini vizuizi vinne vikubwa.

Mate huosha dawa kabla haijaingia. Kinywa ni chepesi cha kupaka dawa na kigumu cha kuihifadhi.

Baka zito jeupe lina ganda gumu juu yake. Dawa hupenya kwa shida. Madaktari wa Taiwan waliona kuwa mabaka yenye wekundu, ambayo ganda lake ni jembamba, hukubali tiba vizuri kuliko meupe mazito.

Dawa nyingi za mwanga hazipendi maji. Ndani ya maji chembe zake hushikana madonge kama unga wa uji uliokorogwa vibaya, na zikishikana hivyo hupoteza nguvu ya kuamshwa.

Oksijeni huisha. Tiba yenyewe huitumia, na mahali ambapo damu haifiki vizuri huwa na kidogo tangu mwanzo. Mwanga ukiendelea bila oksijeni, hakuna kinachotokea.

Kuna shida ya tano kwa dawa za kuchomwa kwenye mshipa: mwili mzima huwa mwepesi kuungua na jua. Mtu aliyepewa temoporfini lazima ajilinde dhidi ya jua na taa kali kwa wiki kadhaa. Kwa mvuvi, mkulima au kijana wa bodaboda, hilo ni sharti zito. Dawa ya kupaka hupunguza tatizo hili kwa kuwa hukaa pale ilipopakwa.

MIMEA NA DAWA ZA NANO

Neno nano linahusu udogo. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 au zaidi kidogo. Dawa za nano hufungwa ndani ya vifuko au chembe za nanomita kumi hadi mia chache tu. Kwa udogo huo, kifuko kinaweza kubeba dawa isiyopenda maji, kushikamana na utando wa kinywa, kupenya kwenye ganda na kuingia ndani ya seli.

Mimea inasaidia kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kutoa dawa yenyewe. Kijani cha majani kinaweza kubadilishwa maabarani kuwa viambato vinavyoitwa klorini, ambavyo ni vya jamii nyingine kabisa na klorini ya kutibu maji. Japani iliidhinisha dawa ya jamii hiyo mwaka 2003 kwa saratani ya mapafu ya hatua za mwanzo. Mmea wa Ulaya uitwao haiperikamu hutoa rangi nyekundu, haiperisini, inayoamshwa na mwanga. Manjano ya jikoni ina kurkumini, inayonyonya mwanga wa buluu. Kurkumini imechunguzwa sana, lakini ina udhaifu mkubwa: haiyeyuki vizuri majini, huharibika upesi, na ikimezwa ni kiasi kidogo mno kinachofika kwenye damu. Mwanga wa buluu nao haupenyi mbali kwenye nyama kama mwekundu. Ndiyo sababu watafiti hujaribu kuifunga ndani ya vifuko vya nano badala ya kuitumia kama unga.

Njia ya pili ni kutoa kifuko cha kubebea. Seli za mimea kama za wanyama huachilia vifuko vidogo sana vilivyozungukwa na utando wa mafuta. Watafiti hukamua tangawizi, limau au balungi, huchuja maji yake, kisha huyazungusha kwa mashine yenye kasi kubwa hadi vifuko hivyo vitengane. Baadaye dawa huingizwa ndani yake. Vifuko vya mimea huvutia kwa sababu malighafi ni rahisi kupatikana na mwili huelekea kuvivumilia. Mwaka 2021 watafiti nchini China walichapisha kazi ya maabara iliyotumia vifuko vya karela pamoja na dawa ya saratani iliyozoeleka dhidi ya seli za saratani ya kinywa, na vifuko hivyo viliongeza nguvu ya dawa hiyo. Kazi hiyo haikuhusu mwanga, lakini inaonyesha kwa nini wanasayansi wa tiba ya mwanga wanaiangalia njia hii.

Mkakati mwingine ni kubeba dawa ya mwanga pamoja na kimeng'enya kinachozalisha oksijeni ndani ya seli, ili tiba isikwame katikati. Wengine hutengeneza ute unaonata ambao dawa hukaa ndani yake bila kuoshwa na mate.

Lipo jambo moja ambalo matangazo ya mitandaoni hayalisemi. Mimea mingi husifiwa kwa kuwa ina viambato vinavyotuliza oksijeni kali mwilini. Tiba ya mwanga inaua seli kwa kutumia oksijeni kali hiyo hiyo. Kwa hiyo mmea usiofaa, au unaofaa uliotumiwa kwa kipimo na wakati usiofaa, unaweza kuizima tiba badala ya kuisaidia. Kuchagua kiambato kipi kibaki na kipi kiondolewe ni kazi ya maabara. Haiwezekani kwa kuchemsha mizizi sufuriani.

UTAFITI UMEFIKA WAPI

Wakaazi wajue tofauti ya ngazi hizi. Dawa huanza kwenye seli zilizo ndani ya bakuli la kioo. Ikifaulu, hujaribiwa kwa wanyama. Kisha huja majaribio kwa binadamu: kwanza kwa watu wachache kuangalia usalama, halafu kwa wengi zaidi kuangalia kama inatibu, na mwisho kwa kuilinganisha na tiba iliyopo. Dawa nyingi huanguka njiani.

Tiba ya mwanga kwa ALA imeshatumika kwa binadamu wenye mabaka ya mdomoni katika nchi kadhaa. Dawa za nano zilizotokana na mimea kwa ajili ya mabaka haya, kwa sehemu kubwa, ziko kwenye seli na wanyama. Nchini Kenya, dawa yoyote lazima isajiliwe na Bodi ya Dawa na Sumu kabla ya kuuzwa, na majaribio ya dawa kwa binadamu lazima yapate kibali cha bodi hiyo na cha kamati ya maadili ya utafiti. Mtu anayeuza chupa sokoni au kwenye simu akidai ni "nano ya manjano ya saratani ya mdomo", aulizwe namba ya usajili. Akikosa, aachwe na chupa yake.

Tahadhari nyingine ni muhimu vilevile. Kupaka manjano mdomoni kisha kuufungua mdomo juani si tiba ya mwanga. Jua halina kipimo, rangi zake zimechanganyika, na unga wa manjano haukuandaliwa kupenya kwenye baka. Manjano ibaki kwenye pilau na mchuzi. Hasara kubwa ya jaribio kama hilo ni muda. Miezi mitatu ya kungoja dawa ya chupa ifanye kazi inaweza kuwa ndiyo miezi ambayo baka lilivuka mpaka.

Hata pale tiba ya mwanga inapopatikana, bayopsi hufanywa kwanza. Upasuaji huacha kinyama cha kupeleka maabara; mwanga huua seli bila kuacha chochote cha kupimwa. Anayemulikwa kabla ya kupimwa anaweza kuwa na saratani iliyofichika chini ya baka lililoonekana kupona.

JINSI YA KUKAGUA KINYWA NYUMBANI

Zoezi hili huchukua dakika tatu na linafaa kufanywa mara moja kwa mwezi. Nawa mikono, toa meno ya bandia kama yapo, simama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha au tumia tochi ya simu.

1. Vuta mdomo wa juu na wa chini, angalia sehemu ya ndani na fizi.
2. Vuta kila shavu kwa kidole, angalia utando wa ndani hadi nyuma.
3. Toa ulimi. Ushike kwa kitambaa safi, uvute kushoto na kulia, uangalie pembeni.
4. Inua ulimi hadi uguse paa la kinywa, angalia chini yake.
5. Inamisha kichwa nyuma, angalia paa la kinywa.
6. Papasa shingo na chini ya taya, pande zote mbili, kutafuta uvimbe.
7. Jaribu kuingiza vidole vyako vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, mdomo wako haufunguki inavyotakiwa.

Nenda kituo cha afya ukiona lolote kati ya haya: kidonda kisichopona kwa wiki mbili, baka jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe mdomoni au shingoni, ganzi ya ulimi au mdomo, jino lililolegea bila sababu, kumeza kwa maumivu, au mdomo unaozidi kuwa mgumu kufunguka.

Ukaguzi huu huwa mgumu kwa wazee. Kijana huona haya kumwambia babu au nyanya afungue mdomo, na mzee naye huona amevunjiwa heshima. Njia nzuri ni kuanza na shikamoo, kukaa chini pamoja naye na kuomba kwa lugha ya kuhudumia: "Bibi, meno yako ya bandia nataka kuyasafisha, nikuangalie na fizi kidogo?" Mjukuu anayeyasafisha meno hayo kila wiki ndiye anayeweza kuliona baka kabla ya mtu mwingine yeyote. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wanaweza pia kuombwa wasaidie.

UKIFIKA KITUONI

Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Eleza baka limekaa muda gani, na useme kweli kuhusu tumbaku, popoo, pombe na muguka. Mhudumu hayauulizi hayo ili akulaumu. Majibu hayo hubadilisha uamuzi wa tiba. Palipo na afisa wa afya ya kinywa au daktari wa meno, utaangaliwa hapo. Panapohitajika bayopsi, utapewa barua ya rufaa. Iulizie kama haikutajwa, na uulize pia tarehe ya kurudi kuchukua majibu. Jisajili na SHA mapema, kwa kuwa shughuli ya usajili ikianza siku ya rufaa huchelewesha mambo.

Majibu yakionyesha seli hazijabadilika, bado utatakiwa kurudi kuangaliwa kila baada ya miezi kadhaa. Baka lililo salama leo linaweza kubadilika mwakani, na wengi hupotea hapa kwa kudhani wamemaliza.

MAMBO MANNE YA KUKUMBUKA

Baka lisiloumia linaweza kuwa hatari kuliko jino linalouma. Popoo husababisha saratani hata bila tumbaku. Tiba ya mwanga ni tiba ya kweli yenye mipaka, na dawa za nano za mimea zinatafutwa ili kuipunguza mipaka hiyo, lakini bado ziko safarini. Tiba zote hizo, za sasa na zijazo, humfaa zaidi mtu aliyewahi.

Wakaazi wanaombwa wajikague mwezi huu, wamkague na mmoja wa nyumbani. Wiki mbili zikipita na kidonda au baka bado lipo, safari ni ya kituo cha afya.